Maswali na Majibu: Bahari Inafukiwa, Mchanga Umetoka Wapi?

*Majangwa yamejaa mchanga. Kwa nini watu wahangaike kuuchimba baharini na mitoni?*

Swali hili halichoki kurudi. Chembe za mchanga wa jangwa zimesuguliwa na upepo hadi zikawa duara na laini, hazishikani vizuri kwenye zege wala hazitulii zikimwagwa majini. Dubai imepakana na jangwa, lakini kisiwa cha Palm Jumeirah kilijengwa kwa takriban mita za ujazo milioni 94 zilizonyonywa chini ya Ghuba. Tafadhali, tusilirudie.

*Fundi ananishauri nitumie mchanga wa baharini kwa zege kwa sababu ni nafuu. Nikubali?*

Usikubali mpaka uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha upimwe. Chumvi hula nondo kimyakimya, na nyufa zikitokeza umeshachelewa. Mwaka 2013 jijini Shenzhen, China, ujenzi wa baadhi ya majengo ulisimamishwa kwa sababu ya mchanga wa namna hiyo.

*Nchi ikijenga kisiwa chake, inaongezewa eneo la bahari?*

Hapana. Soma ibara ya 60 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982.

*Singapore ilikuwa ndogo ikajiongezea ardhi. Si mfano mzuri wa kuigwa?*

Ilipopata uhuru mwaka 1965 ilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 580. Leo imepita 700. Wanaoisifu hawataji kwamba sehemu kubwa ya mchanga huo ilikuwa ya majirani. Malaysia ilizuia kuuza mchanga nje mwaka 1997, Indonesia ikazuia ule wa baharini mwaka 2003, na Kambodia mwaka 2017. Kila mlango ulipofungwa, wanunuzi walibisha hodi kwingine.

Suala la Kambodia linaniudhi zaidi. Takwimu zake za biashara zilionyesha kuwa tangu 2007 iliiuzia Singapore tani zisizofika milioni 3. Takwimu za Singapore zilionyesha kupokea zaidi ya milioni 70. Fedha za tani zilizobaki zilikwenda kwa nani? Wavuvi wa Koh Kong, mkoa wa pwani wa Kambodia, walilalamika kuwa kaa wamepungua, na hao hawakuwemo kwenye mkataba wowote. Ukitaka kuiga kitu Singapore, iga kazi yake ya kisiwa cha Pulau Tekong: badala ya kujaza mchanga mpaka juu, walijenga tuta na maji husukumwa nje kwa pampu, kama Waholanzi. Mchanga unaohitajika ni mdogo zaidi.

*Mwekezaji ametuonyesha tathmini ya mazingira ya ufuo utakaofukiwa. Inatosha?*

Haitoshi hata kidogo. Hiyo ni ya pale mchanga unapomwagwa. Mdai na ya pale unapochotwa. Meli ya kunyonya mchanga huondoka na sakafu ya bahari pamoja na viumbe wake, na tope linalotimka hufunika matumbawe na majani ya bahari. Shimo likiwa karibu na pwani, mawimbi huvuta mchanga wa ufuo kulijaza, na mwenye nyumba ya jirani huona bahari ikimsogelea bila kujua sababu. Ulizeni kina, umbali, na nani atapima ufuo miaka mitano baada ya meli kuondoka. Mkijibiwa kwamba hilo ni siri ya biashara, msitie saini.

*Nataka kununua kiwanja kwenye ardhi iliyofukiwa. Ni salama?*

Inategemea kazi iliyofanyika chini. Uwanja wa ndege wa Kansai, Japani, ulifunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa cha kujengwa. Kisiwa hicho kimetitia zaidi ya mita 10 tangu kilipoanza kujazwa, na kimbunga cha 2018 kilikifurikisha. Huko Urayasu, mji wa Japani wenye ardhi iliyofukiwa, tetemeko la mwaka 2011 liliugeuza mchanga uliojaa maji kuwa uji, nyumba zikaegemea upande na mabomba yakakatika. Taka vipimo vya ushindiliaji, vya kutitia kwa kila mwaka, na urefu wa ardhi juu ya maji makuu. Muuzaji asiyekuwa navyo, usimpe hata malipo ya awali.