Dada wa Uyole, kuhusu oparesheni ya kupungua

Dada yangu pole, umesema daktari kakushauri ukatwe mfuko wa chakula ili upungue uzito, sasa unauliza baada ya hapo inakuwaje. Mdogo wangu alifanyiwa hiyohiyo nikamuuguza mimi hapa Mwanjelwa kwahiyo nakwambia nilichokiona. Wanatoa kama asilimia 80 ya mfuko, kinachobaki ni kama ndizi na haurudishwi tena, hilo lijue kabla hujasaini. Wiki mbili za mwanzo ni majimaji tu, nilikua nampa supu ya kuku nimeichuja kwenye kikombe kidogo cha kahawa, anapiga funda anatulia, funda anatulia, kikombe kimoja nusu saa nzima yani. Afu vya kupondwa, parachichi na viazi, baadae ndo vya kawaida ila kidogo mno, siku moja msibani walimlazimisha aongeze ugali, tonge la nne tu akatapika, niliumia sana. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Anza na yai, samaki au maharage ndo ugali ufate. Nywele zilimnyonyoka mwezi wa nne zikarudi, ila vitamini ni za maisha yote na usiziache hata ukijiona mzima. Mimba isubiri mwaka au mwaka na nusu. Na ukisharudi nyumbani ukapata homa, moyo kwenda mbio au tumbo kuuma linazidi, inaweza kua waliposhona panavuja, nenda hospitali usiku huohuo dada, usingoje kukuche, na shemeji naye mwambie mapema ayajue hayo.