Siasa za jirani: kusema au kunyamaza?

Ndugu muulizaji, unasema kwamba rafiki yako Mkenya amekutaka uache kuzungumzia uchaguzi wa nchini mwake kwa sababu wewe ni Mtanzania. Kwa maoni yangu, unayo haki ya kusema. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, iliyowekwa katika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963, ilizifunga serikali, haikumziba mdomo raia. Na hata serikali zenyewe hazikuishika daima, kwani Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, mwaka 1968. Isitoshe, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilikwamisha malori yaliyotoka Mombasa, mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda, kwa hiyo jirani hawezi kuambiwa kwamba hayamhusu.

Ninachokusihi ni kujifunza kwanza taratibu zao. Watanzania wengi (nasi tu wepesi wa kuhukumu) huzungumza kana kwamba sheria ni moja, ilhali mshindi wa urais Kenya hutakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kila moja ya kaunti 24 kati ya 47, na Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo mwaka 2017, jambo ambalo Katiba yetu, kwa Ibara ya 41(7), hairuhusu. Uliza kuliko kuhukumu, usiyataje makabila kwa dhihaka, wala usiwachagulie mgombea. Rafiki yako naye akiigusa Dodoma, mvumilie.