Jibu: Kununua redio ya HF iliyotumika wakati huu

Ndugu, umeuliza kama ununue Yaesu FT-818 iliyotumika, redio ndogo ya kurushia na kupokea mawimbi mafupi (HF), ilhali redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha na si kwa biashara, inaonekana kufifia. Mimi ningesubiri. Kiwanda kiliacha kuitengeneza, uhaba umepandisha bei, na ikiungua utahangaika kupata vipuri hapa Nairobi.

Lakini mawimbi usiyaache! Setilaiti ya QO-100, inayopokezana mawimbi ya wanaridhaa na iliyorushwa 2018, imekaa karibu utosini mwetu na haihami. Unairushia sauti kwa masafa ya 2.4 GHz, nayo inairudisha chini kwa 10 GHz. Kusikiliza kunataka dishi kuukuu la televisheni, LNB ya kawaida (kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi) na kipokezi kidogo cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu, kwenye kompyuta. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano utaihitaji ukitaka kurusha. Sauti za 5Z4 (alama ya wito ya wanaridhaa wa Kenya) ninazozisikia ni za wazee watupu, na inaniuma. Njoo hewani.