Mahindi yamenyauka, yamesinyaa au yamekauka?

Msomaji wa Dumila, Morogoro, anayeandaa maelezo ya kikundi chao cha wakulima, anauliza: mmea uliokosa maji tuseme umenyauka, umesinyaa au umekauka? Na je, “msongo wa maji” ni Kiswahili sahihi?

Ndugu msomaji, neno lako la kwanza liwe kunyauka. Mmea hufyonza maji kwa mizizi, na sehemu kubwa mno ya maji hayo hutoka tena kwa mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata. Jua likiwa kali, yanayotoka yakazidi yanayoingia, seli hulegea na jani hupoteza ukakamavu. Huko ndiko kunyauka. Saa saba mchana utayakuta majani ya maboga yamelala kabisa, na alfajiri yamesimama bila kumwagiliwa. Aliyenyauka bado anaweza kupona.

Kukauka hakuna nafasi hiyo, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Mkulima akimpigia bwana shamba simu kuwa “mahindi yamekauka”, msimu wa kuvuna hiyo ni habari njema: yako tayari. Mwezi mmoja baada ya kupanda, ni msiba. Watu wa mashambani huondoa utata huo kwa kusema “yameungua na jua”. Ni usemi mzuri, usiuogope kwenye maandishi.

Kusinyaa ni kupungua umbo na kufanya mikunjo: nyanya iliyokaa sana gengeni, kiazi, ngozi. Jani la mhindi linalojisokota wakati wa ukame halijasinyaa. Limejikunja, nalo hufanya hivyo ili lipunguze maji yanayopotea.

Tena si kila kilichonyauka kimekosa maji ardhini. Mnyanya wenye mnyauko bakteria hulegea ilhali udongo umelowa, kwa kuwa bakteria wameziba mirija ya kupandishia maji. Kata kipande cha shina lake, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, utaona ute mweupe ukishuka kama uzi. Kwa hiyo andika kwa ukamilifu, “umenyauka kwa kukosa maji”, asije mtu akamwagilia ugonjwa.

“Msongo wa maji” hauna kosa la sarufi, ila haumwambii msomaji kama maji yamepungua au yamezidi, na maji yaliyotuama nayo huusonga mmea. Kwa wakulima wenzako, andika “mmea umepungukiwa na maji”.