Maswali ya Wasomaji: Nyama ya Kopo na Ng'ombe wa Kunyang'anywa

SWALI: Ndugu Mhariri, kila tupitapo Kibarani, babu yangu hunionyesha kiwanda cha KMC (Kenya Meat Commission, shirika la serikali la nyama) na kuniambia kuwa nyama ya kopo nchini ilianza kwa watu kunyang'anywa ng'ombe. Je, ni kweli? Na mbona kiwanda kilikuja kufungwa? – Msomaji, Mikindani.

JIBU: Babu yako hakukosea, ila ng'ombe hao hawakuwa wa Pwani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Liebig, ambayo ilikuwa imekwisha kujipatia jina kwa rojo la nyama lililotengenezwa Fray Bentos, nchini Uruguay, ilijenga kiwanda Athi River. Kazi ya namna hiyo haikuhitaji ng'ombe wanono wa buchani. Hata aliyekonda alifaa, kwa kuwa nyama ilichemshwa mpaka likabaki rojo zito jeusi, mradi ng'ombe wawe wengi na bei iwe ya chini. Serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo ya Ukambani imezidi na inaharibu udongo, ilianza mwaka 1938 kuwakamata ng'ombe na kuwanadi kwa bei ya kutupa. Wakamba, wake kwa waume, wakafunga safari hadi Nairobi kumwona gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ilimkamata ikamhamishia Lamu, lakini mwishowe iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Kwa hiyo Pwani ilimpokea mfungwa wa mkasa huu kabla ya KMC yenyewe kuwapo.

KMC iliundwa kwa sheria mwaka 1950, ikarithi kiwanda cha Athi River, na Kibarani, karibu na reli na Bandari ya Kilindini, ikawa na tawi lake la Mombasa. Kwa miaka mingi haikuwa na mshindani wa maana. Baadaye machinjio ya watu binafsi yaliongezeka, madeni yakalimbikizana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 shughuli zikasimama. Ilifunguliwa tena mwaka 2006, na Septemba 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Wengi huilaumu menejimenti, wala hawakosei. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilichoiumiza zaidi ni kuwacheleweshea wafugaji malipo. Mfugaji wa Tana River aliyekwisha kuwaswaga ng'ombe wake siku kadhaa kuelekea sokoni hawezi kungoja hundi kwa miezi, ilhali dalali yuko mbele yake na fedha taslimu mkononi, hata kama bei yake ni ya chini.