Kompyuta moja, wateja wengi: nilivyokizuia kivinjari kusema siri za watu

Katika duka langu la steshenari hapa Masasi, mkoani Mtwara, kompyuta ya wateja ni moja tu. Mwaka juzi, msimu wa kupulizia mikorosho ulipokaribia, mkulima mmoja alikuja kutafuta bei za mashine za salfa, na kesho yake mwanafunzi aliyekuwa akiomba mkopo wa chuo akawa anakutana na picha za mashine hizo karibu kila ukurasa alioufungua. Tulicheka. Wiki iliyofuata mama mmoja alisoma habari za ugonjwa ambao sitautaja, na matangazo ya dawa zake yakamtokea kijana wa mtaani kwake aliyemfuata kitini. Mama huyo hajarudi dukani.

Chanzo chake ni vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia tovuti). Kidakuzi cha tovuti uliyoifungua mwenyewe kina kazi ya halali, kwa kuwa ndicho kinachokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti. Kero ni vile vya kampuni za matangazo, ambazo hujipachika katika kurasa nyingi zisizo zao na hivyo kumtambua mtumiaji yuleyule kila anakopita.

Nilihamia programu ya kivinjari iitwayo Firefox, ambayo tangu 2022 hutenga vidakuzi vya kila tovuti visisomwe kwingine, kisha nikaiagiza ifute vyote kila inapofungwa. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari huzuia vidakuzi vya kampuni za nje tangu 2020. Kwa Chrome, kivinjari cha Google, usisubiri: Google iliahidi mwaka 2020 kwamba ingeviondoa, ikabadili uamuzi mwaka 2024, kwa hiyo ingia mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, ukavizuie vidakuzi vya washirika wengine, yaani hivyo vya kampuni zisizo wenye tovuti uliyoifungua.

Ulinzi ukiwa mkali kupita kiasi, baadhi ya kurasa hugoma. Ukurasa mmoja wa malipo ulinigomea mteja akiwa amesimama na hela mkononi, nami nikabonyeza alama ya ngao iliyo kando ya anwani, nikauzima ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake.

Hali fiche, yaani dirisha la kivinjari lisilohifadhi historia likifungwa, nayo husaidia, maana atakayekaa baada yako hakuti nyayo zako, ingawa mtandao unaokuuzia bando bado unaona tovuti unazotembelea. Hata hivyo, mteja wangu simruhusu kuinuka kabla hajatoka kwenye akaunti zake na kulifunga dirisha lote.