Ukiandika historia ya waliochaguliwa, anza na walioshindwa

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu hapa Marekani uliishia kwenye jedwali. Nilikuwa nimechagua kuandika juu ya uwakilishi wa Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika siasa za Los Angeles, nikadhani kazi yenyewe ni kuorodhesha: nani alichaguliwa, lini, kiti kipi. Edward Roybal aliingia baraza la jiji mwaka 1949, diwani wa kwanza mwenye asili ya Mexico tangu 1881. Mwaka 1962 akachaguliwa kwenda bungeni Washington. Baada yake hakuna Mlatino aliyekaa katika baraza lile hadi Richard Alatorre mwaka 1985. Zaidi ya miaka 20 mitupu, na jedwali langu halikuweza kunieleza kwa nini.

Profesa wangu alilipitia kimya, kisha akauliza: "Walioshindwa wako wapi?"

Wewe unayeanza utafiti wa aina hii, chukua swali hilo kabla hujafungua hata faili moja. Roybal mwenyewe alianza kwa kushindwa, mwaka 1947. Watu wa kampeni yake hawakutawanyika. Walijenga chama kilichoitwa Community Service Organization, wakaapishwa kuwa waandikishaji, wakapita nyumba kwa nyumba Boyle Heights na mitaa ya jirani wakiandikisha maelfu ya wapiga kura wapya. Bila kushindwa kule, ushindi wa 1949 hauelezeki.

Nilimpata mama mmoja ambaye mzazi wake alikuwa miongoni mwa waandikishaji wale. Nilifika na maswali 18 yaliyochapwa. Alinikaribisha jikoni, akaniita mija, yaani mwanangu, na maswali yangu hayakumsisimua hata kidogo. Nilipozima kinasa sauti ndipo akasimulia alivyokuwa akitembea nyuma ya mama yake, yeye mtoto, kazi yake kushika kalamu ya akiba na kubembeleza mbwa wa watu ili mama aweze kufika mlangoni. Nilimwomba ruhusa, nikakiwasha tena. Basi usiende na maswali mengi. Nenda na muda, na ujifunze Kihispania mapema, maana yaliyo ya moyoni hayasemwi kupitia mkalimani.

Kisha tafuta ramani. Hapa ndipo nilipopata tasnifu yangu. Mwaka 1958 Roybal aligombea bodi inayoongoza kaunti nzima ya Los Angeles, yenye viti vitano tu. Hesabu za mwanzo zilimweka mbele, lakini kura zilipohesabiwa upya akatangazwa kushindwa na Ernest Debs. Katika orodha ya washindi, habari inaishia hapo. Mimi niliweka karatasi ya kunakilia juu ya ramani ya wilaya ya tatu, ile aliyogombea, nikachora mipaka ya kabla na ya baada ya 1959 kwa penseli mbili za rangi. Mstari ulikuwa umesogea kuelekea magharibi, ukazoa mitaa ya matajiri kama Beverly Hills. Mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi ule! Mkono wangu ulitetemeka, nisiseme uongo.

Mwaka 1990, katika kesi ya Garza, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba bodi hiyo ilikuwa imewagawanya Walatino kwa makusudi ilipochora mipaka ya 1981, na ilirudi nyuma hadi mabadiliko yale ya 1959 kuonyesha mwenendo. Mipaka ikachorwa upya, na mwaka 1991 Gloria Molina akashinda kiti. Nampenda Molina, lakini sura yake katika tasnifu yangu ni fupi. Ramani zina sura mbili.

Jambo la mwisho ni dogo, ila lilinigharimu miezi. Nilikuwa natafuta neno "Latino" katika nyaraka za miaka ya 1940 na 1950, nikaambulia patupu. Watu hawakuandikwa hivyo. Waliandikwa kuwa Wameksiko, au wasemao Kihispania, na sensa ya 1950 iliwahesabu kama weupe wenye majina ya ukoo ya Kihispania. Muulize mtunza nyaraka walioishi wakati ule walijiitaje, na maofisa waliwaitaje, kisha utafute kwa maneno hayo. Niliporudi hivyo, masanduku niliyokwisha kuyaandika "hamna kitu" yalinifanya nikeshe.